Bati la Ndege Nyuma ya Kanisa

Ule mfuko wa mbegu ningeukataa. Ningemwambia mzee wa kanisa abaki nao, ningetoka depo, lile ghala la kanisa, mikono mitupu, na mambo yangeishia pale. Haikuwa kazi ngumu. Alikuwa ameusimamisha sakafuni kati yetu, ameushika kwa pembe zake mbili za juu, bado hajauinua. Angeurudisha ukutani ulipokaa tangu msimu wa kupanda, na panya wangeendelea kuukwepa.

Hilo la panya niliona siku ileile. Mifuko ya maharagwe iliyokuwa jirani nao ilikuwa imetobolewa chini, na maharagwe yalimwagika kila tulipogusa. Mfuko wa mbegu haukuwa na tundu hata moja. Niliona, nikapita.

"Chukua, Moniteri," mzee wa kanisa aliniambia. "Ndege yako inalala njaa, na wageni wanakuja. Utawaonesha nini? Bati tupu?"

"Iko na dawa, mzee. Angalia ile rangi."

"Dawa ni ya wadudu. Loweka tu, mwanga maji. Muhogo muchungu si iko na sumu? Tunalowekaka, tunakula, na tuko wazima."

"Muzima ni nani hapa? Weye na ule mugongo yako?"

Alicheka hadi akashika kiuno. Nami nikacheka. Kisha nikaupandisha mfuko begani.

Simlaumu. Yeye alikuwa mkulima, alisema alichojua mkulima. Mimi nilikuwa na diploma ya Serikali, nilikuwa nimesoma biolojia, na nilijua kwamba rangi ya waridi iliyopakwa juu ya mtama ule si sumu yenyewe. Rangi huwekwa ili macho yaone. Rangi ikitoka, macho hayaoni tena, basi.

Jina la Moniteri nilipewa na watoto. Nilikuwa mwalimu wao wa ekodimu, masomo ya watoto ya siku ya Yenga, yaani Jumapili, wakati wakubwa wako kwenye ibada. Niliifanya kazi hiyo hapa Bunia katika miaka ambayo watu waliiita ya amani. Tulilitaja neno hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomtaja mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Soko lilijaa. Moto, pikipiki za abiria, zilikuwa nyingi barabarani hata kuvuka ilikuwa kazi. Wanunuzi wa dhahabu walijenga nyumba za gorofa. Lakini katika kila nyumba niliyoingia, nyuma ya mlango palikuwa na mfuko mmoja umefungwa tayari, nguo za watoto ndani yake, na hakuna aliyeuliza ni wa nini. Magari meupe ya walinda amani yalipanda na kushuka. Siku yalipopanda mengi kuliko kawaida, wanawake walikunja nguo zilizoanikwa hata kama hazijakauka.

Watoto walijua kuliko sisi. Yenga moja nilikuwa nawaeleza uumbaji, nimefika siku ya samaki na ndege, moto mmoja ukalia barabarani ule mlio wa ghafla wa injini mbovu. Nilipoinua macho toka kwenye Biblia, viti vilikuwa vitupu. Wote walikuwa chini, kimya, mashavu kwenye udongo. Hata mmoja hakulia. Mdogo wao hakuwa amezaliwa wakati wa vita kubwa, na bado alilala chini kama wengine.

Nikawaza: watoto hawa wanajua kulala chini. Nani atawafundisha kukaa?

Aliyenipa jibu ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Mama yake alikuwa anauza vitenge na samaki wa chumvi kwa wachimbaji wa Mongbwalu, na alikuwa amemleta kwangu kwa sababu kule, alisema, si mahali pa mtoto wa kike.

"Papa, munichungie yeye," aliniambia akiwa tayari juu ya moto, mizigo imefungwa nyuma yake. "Siko na mwengine."

"Nitamuchunga."

"Si mimi najua Papa? Kichwa yote iko mu kanisa. Mumuchunge na macho."

"Na macho yote mbili," nilimjibu, na akaondoka akicheka.

Mtoto huyo alikuwa hajamaliza kubadilisha meno. Asubuhi nilikuwa nikiwamwagia kuku takataka za unga nilizopewa kwenye kinu cha mashine, zile zinazofagiliwa sakafuni, na ndege wa porini walikuwa wakishuka kuiba. Asubuhi moja nilimkuta amekaa juu ya kinu cha kutwangia kilicholazwa, mikono juu ya magoti, na ndege wadogo wa kahawia wamemzunguka miguuni hadi karibu na vidole. Moto ulilia barabarani. Ndege waliruka wote. Yeye hakutikisika. Aliendelea kukaa, na ndege wakarudi.

"Koko, usikohoe," alininong'oneza bila kugeuka. Koko ndivyo wajukuu wanavyoniita. "Wakiona siogope, na wao hawaogope."

Nilisimama pale na kikohozi changu kooni. Wiki ileile nilichukua kipande cha bati kutoka nyumba iliyoungua wakati wa vita, nikakunja kingo zake, nikakipigilia juu ya nguzo nyuma ya kanisa, chini ya mkaratusi. Tangu hapo somo la ekodimu lilianzia nje. Niliwakalisha watoto kwenye majani, nikamwaga takataka za unga, tukangoja. Mwenye kuzungumza aliwakosesha wengine ndege. Mwenye kujitupa chini kwa sababu ya mlio wa injini aliwakosesha pia, na wenzake walimtazama vibaya. Polepole, Yenga baada ya Yenga, walijifunza. Moto ulipita, injini ikalia, mabega yakaruka kidogo, lakini makalio yakabaki chini. Wazazi walikuja kuniambia kwamba hata nyumbani mtoto sasa analala usingizi mzima.

Walikuja ndege wa manjano wanaosuka viota, waliokuwa wakigombana kama wauzaji wa soko. Walikuja njiwa wa porini wawili wawili. Kunguru mwenye shingo nyeupe alikuja akikaa mbali kidogo, akiangalia.

Niliwafundisha kutoka kwa ndege hao kila nilichokuwa nacho. Niliwaeleza maneno ya Bwana Yesu juu ya viumbe hawa wasiolima wala kujenga ghala, na Baba wa mbinguni anawapa chakula. Watoto wa Bunia hawadanganyiki haraka. Mmoja, mtoto wa fundi wa magari, mwenye mdomo, aliuliza mbele ya wote:

"Moniteri, anayewapa ni Mungu ao ni weye? Siye tunaona ni weye."

"Ni Mungu. Anatumia mukono yangu."

"Basi siku utagonjwa, Mungu atakosa mukono?"

Walicheka wote, na ndege wakaruka, na mjukuu wangu akamkasirikia yule mtoto kwa sababu ya ndege. Lakini nililipenda jibu langu. Nililirudia Yenga nyingi: Mungu anatumia mkono wangu. Nikaongeza lingine, nikawafundisha kulisema pamoja kabla ya kufunga masomo: kwamba mtoto wa Mungu haogopi chakula kinachotoka mkononi mwa Baba yake. Nilikuwa nataka kuwaondolea woga. Sikufikiri kwamba kuna woga ambao Mungu mwenyewe ndiye aliyempa mtoto, ili aishi.

Kisha barabara ikaanza kuharibika tena. Haikuwa mvua iliyoiharibu. Kwanza madereva walikataa kutoka Iga Barrière baada ya saa za mchana. Baadaye walikataa kabisa. Kisha watu wakaanza kufika kwa miguu kutoka upande wa Djugu, magodoro vichwani, mbuzi kwenye kamba, wazee kwenye baiskeli. Walijenga kambi ya maturubai pembeni mwa mji, karibu na kanisa letu. Walikuwa wamepewa mbegu za mtama ili warudi kupanda, lakini hakuna aliyeweza kurudi. Msimu ukapita. Mbegu nyingine zilihifadhiwa katika depo ya kanisa, kungoja.

Njaa ya kambi ilifika kwenye kinu cha mashine kabla ya kufika kwingine. Nilipoenda kuchukua takataka zangu za unga, nilikuta mama mmoja anafagia sakafu kwa mkono, mtoto mgongoni, akikusanya unga na mchanga pamoja kwenye pindo la kitenge. Alinitazama. Nilikuwa na kopo langu la ndege mkononi. Nililificha nyuma yangu na kurudi nyumbani.

Kwa hiyo bati likawa tupu. Ndege walikuja kwa mazoea, wakatua ukingoni, wakainamisha vichwa, wakaondoka. Watoto walikaa kimya vilevile, wakaona.

"Moniteri," yule mtoto wa fundi aliuliza, na safari hii hakuwa na utani, "Mungu amechoka?"

Ningemjibu: ndege wana pori lote, wataishi, na unga wa kinu sasa ni wa watu wenye njaa, twendeni tuwapelekee maji. Lingekuwa somo zuri kuliko yote niliyowahi kutoa. Lakini sikukuu ya ekodimu ilikuwa inakaribia. Mchungaji alikuwa amewatangazia wageni wa parokia nyingine juu ya watoto wetu wanaokaa na ndege. Jina langu lilikuwa limetajwa. Nilitaka ndege wangu.

Ndiyo maana nilicheka na mzee wa kanisa, na ndiyo maana nilibeba mfuko.

Nilifanya kama tunavyofanya kwa muhogo mchungu. Nilikata bidoni kubwa, dumu la plastiki, katikati, nikamimina mtama, nikajaza maji. Maji yakawa ya rangi ya waridi kama nguo mpya inapotoa rangi. Nikamwaga kwenye mfereji nyuma ya migomba, nikajaza mengine. Siku ya kwanza ya kumwaga, niliwafungia kuku wangu ndani ya kibanda ili wasinywe maji yale.

Naiandika tena sentensi hiyo. Kuku niliwafungia.

Mjukuu wangu alitaka kukoroga kwa kijiti. Nilimkataza mwanzoni. "Usiguse, iko na dawa." Alikaa mbali, akiangalia nikibadilisha maji asubuhi na jioni. Maji yakawa ya rangi hafifu, kisha yakawa maji tu. Nikaanika mtama juu ya mkeka, ukakauka, mweupe, mzuri, hata mtu angeuona sokoni angeuliza bei. Alisogea.

"Sasa, Koko?"

"Sasa iko safi," nilimwambia, na nilimruhusu augeuzegeuze kwa mikono.

Wakati huo alikuwa na rafiki mpya. Alikuwa msichana wa umri wake kutoka kambini, aliyekuja ekodimu Yenga moja amevaa koti la mwanaume mzima, mikono yake imekunjwa mara nyingi. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Wakati wengine wanatazama ndege, yeye alitazama mtama. Mjukuu wangu alimchukua kama ndugu. Alimgawia sombe, mboga ya majani ya muhogo, kutoka sahani yake, alimfundisha kukaa bila kutikisika, ingawa yule hakuhitaji kufundishwa.

Siku ya sikukuu ndege walifurika. Sijui waliambiana vipi. Bati lilikuwa halionekani kwa mabawa. Watoto walikaa mistari mizima na nguo zao nyeupe, wageni wakasimama nyuma yao, na moto ulipolia barabarani mgeni mmoja mkubwa, mtu wa suti, alishtuka hadi akamshika mwenzake, lakini hata mtoto mmoja hakutikisika. Mchungaji alilia mbele ya watu. Alinishika mkono akauinua, akasema mkono huu Mungu ameutumia. Wakapiga makofi, na ndege wakaruka wote pamoja kwa sauti kama ya nguo inayopasuka.

Hiyo ndiyo siku yangu njema. Sikupata nyingine.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kufagia chini ya mkaratusi, nikakuta ndege mdogo wa kahawia amelala kwenye majani. Hakuwa na jeraha. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa kama vimeshika tawi. Nikasema ni paka. Mbele kidogo palikuwa na mwingine, na wa manjano, mdomo wazi. Niliinua macho kwenye mti. Saa ile kwa kawaida kelele zao zilikuwa zinazidi za sokoni. Mti ulikuwa umenyamaza.

Niliwaokota ndani ya kofia yangu na kuwazika kwenye shamba la muhogo la kanisa kabla mtu hajapita. Nilijiambia ni ugonjwa wa ndege, kuna magonjwa ya ndege. Nikamwaga mtama tena, lakini kidogo. Asubuhi iliyofuata nilikuja mapema zaidi, na kofia haikutosha, nikatumia ndoo. Njiwa mmoja alikuwa bado hai. Alikuwa anatetemeka, shingo imepinda, mate yanamtoka mdomoni. Nilimsubiri. Alipokufa nikamzika na wengine. Kunguru mwenye shingo nyeupe nilimkuta kando ya mfereji, mabawa yamefunguka, amekula wenzake bila shaka.

Hapo nilijua. Sitaki kusema nilishuku. Nilijua, nikiwa na jembe mkononi.

Niliacha kumwaga mtama kwenye bati. Hilo nililifanya. Lakini mtama uliobaki sikuuzika. Kuchimba shimo na kufukia nafaka mchana, kambi ya wenye njaa iko pale, watu wakuone? Wangeufukua kabla sijaondoka, na wangeuliza. Na kama wangeuliza, ningelazimika kusema kwamba ndege wa sikukuu wamekufa, kwamba mkono ulioinuliwa mbele ya wageni ndio uliowaua. Niliufunika kwenye beseni jikoni, nikaweka ubao juu yake. Nilisema nitaupeleka mbali, nikipata moto, nikipata siku.

Kwa watoto nilitunga hadithi. Mjukuu wangu ndiye aliyeuliza wa kwanza, tukiwa tumekaa wawili mbele ya bati tupu.

"Koko, ndege imeenda wapi?"

"Imeenda kujenga viota. Ni wakati yao."

"Yote?"

"Yote."

Aliangalia juu ya mkaratusi kwa muda mrefu. Viota vya wale wa manjano vilikuwa vinaning'inia pale pale, vya zamani, vinatikisika kwa upepo. Kisha akarudisha macho kwenye bati, akangoja. Alikuwa mtoto aliyelelewa kuamini.

Siku mbaya ilikuja katikati ya juma, mchana. Asubuhi magari meupe yalikuwa yamepanda mengi, na mtaani kila mtu alikuwa akiuliza kuna nini, na hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa kanisani, kwenye mkutano wa komite, tukizungumzia mahali pa kuwalaza watu ikiwa wengine watafika. Yaliyotokea nyumbani kwangu niliyasikia baadaye, kwa mdomo wa yule msichana wa kambi. Aliyaeleza amesimama katikati ya uwanja, mikono ndani ya koti lile, akiangalia chini.

Alikuwa amekuja na njaa. Hakuwa amekula tangu jana yake. Mjukuu wangu alisema watapika kama mama. Wasichana wote wa hapa wanacheza mchezo huo, na kopo la tomate juu ya mawe, na mara nyingi wanapika chakula cha kweli, kidogo, wanakula. Aliondoa ubao, akachota mtama kwenye beseni, wakauchemsha nyuma ya jiko hadi ukapasuka. Walipouepua, yule wa kambi alinusa, kisha akarudi nyuma.

"Ile ni mbegu ya kupanda. Tuliipataka na siye. Mama alisema mwenye kukula atakufa."

"Ilikuwa na rangi. Koko alilosha. Iko safi."

"Mama alisema hata ukilosha."

"Ndege inakulaka!"

"Ndege ya wapi?" yule mwingine aliuliza. "Mi sioni ndege."

"Imeenda kujenga. Koko alisema."

Rafiki yake alirudi nyuma tena. Alikuwa na njaa, alikuwa akilia kwa njaa, na hakukaribia kopo. Ndipo mjukuu wangu, ili kumwondolea woga, akasema yale maneno niliyowafundisha kusema pamoja kabla ya kufunga masomo. Aliyasema yote, alisema msichana yule. Kisha akachota kwa mkono, akala, akachota tena.

"Ona," alimwambia. "Siogope."

Yule wa kambi alikimbia. Alikuja hadi kwenye mlango wa kanisa na hakuthubutu kuingia, kwa sababu wakubwa walikuwa wanaomba. Alisimama pale hadi tuliposema amina.

Nilimkuta mjukuu wangu ameegemea ukuta wa jiko, miguu imenyooshwa. Mate yalikuwa yanamtoka. Nguo yake ilikuwa imelowa jasho na shingo ilikuwa imeanza kupinda upande mmoja, na nilikuwa nimeshaiona shingo ile. "Koko, tumbo," alisema, na alijaribu kukaa vizuri, kama tulivyokuwa tunakaa. Nilisimamisha moto, nikamweka katikati yangu na dereva. Dereva alipiga honi njia nzima. Sikumbuki barabara. Nakumbuka uzito wa kichwa chake kifuani kwangu, na jinsi alivyokuwa anatikisika, yeye aliyekuwa hatikisiki.

Hospitalini daktari aliuliza amekula nini.

"Mtama," nilijibu.

"Mtama gani, muzee?"

Nilimfuta mtoto mate mdomoni. Hata pale, mbele ya kitanda, nilikuwa nikitafuta jinsi ya kulisema. Aliuliza tena kwa ukali, ndipo nikasema: mbegu, yenye dawa, nililoweka. Alinitazama mara moja tu, kisha akageuka na kufanya kazi yake haraka. Alifanya alichoweza na alichokuwa nacho. Jua lilipokuwa linashuka juu ya mabati ya soko, mtoto alikufa.

Binti yangu alifika kutoka Mongbwalu juu ya moto, vumbi jekundu usoni hadi kwenye nyusi. Wanawake walimpokea kwa kilio, lakini yeye hakulia. Alipita katikati yao, akaja mahali nilipokaa, akasimama mbele yangu. Tayari walikuwa wamemweleza juu ya mbegu. Nadhani angeweza kunisamehe mbegu. Watu wanafanya makosa kwa mbegu. Lakini yule msichana wa kambi alikuwa amemweleza pia juu ya ndege ambao hakuwaona.

"Ile ndege, Papa. Ilikufa?"

"Ndiyo."

"Mbele ya mutoto kukula, ao nyuma yake?"

Ningeweza kudanganya. Waliozikwa shambani hakuna aliyejua ila mimi. Sikudanganya, na hiyo sidai ni sifa, ilikuwa imechelewa mno kuwa sifa.

"Mbele," nilisema. "Niliizika."

Alibaki amesimama. Nilingoja anipige, nilitaka anipige. Aliingia chumbani, akakunja nguo za mtoto, moja moja, akaziweka ndani ya ule mfuko uliokuwa nyuma ya mlango wangu, tayari kwa siku ya kukimbia. Baada ya mazishi aliondoka nao. Mzee wa kanisa alijaribu kumshika mkono barabarani amwombe msamaha. Alimwambia, "Weye, mzee, sikujui," akapanda moto.

Ekodimu niliiacha mwenyewe kabla hawajaniondoa. Nilisimama siku ya Yenga mbele ya watu, nikaeleza yote, panya, kuku, kofia, ndoo. Mtama uliobaki tuliuchoma na mchungaji, watu wakiwa wanaangalia, na nikawaambia watu wa kambi kwa nini unachomwa. Walijua tayari. Watoto waliposikia juu ya ndege, yule mtoto wa fundi aliniangalia tu. Wiki zilizofuata waliambiwa mimi sipo, lakini nilikuwa nyumbani ng'ambo ya uzio, na moto ulipolia barabarani nilisikia viti vikianguka na watoto wakilala chini tena.

Bado ninasali. Sijui kama ninaamini kama zamani, ninasali. Tangu mtoto afe, sijamwambia Mungu kwamba ni yeye aliyetumia mkono wangu. Mkono ulikuwa wangu. Ndege wengine walikuja baada ya mvua, hawajui kitu, wanatua kwenye lile bati lenye kutu na kuangalia kama kuna chakula. Siwapi. Wana pori lote.

Nilipokea mfuko ule ili bati lisionekane tupu mbele ya wageni, na niliwaficha ndege waliokufa ili nisionekane mtupu mimi. Ulinigharimu mjukuu wangu, aliyekula sumu kwa sababu aliamini neno langu. Na ulinigharimu binti yangu, ambaye yuko hai kule Mongbwalu, anauza vitenge na samaki wa chumvi, na tangu siku ile hajaniita Papa.